Mgeni wa Kiti cha Tatu

Mkasi ulikuwa unalia ndani ya droo iliyofungwa. Kacha. Kacha. Kinyozi alikuwa na mteja kitini, povu limemjaa mashavuni, akajifanya hasikii.

"Kumbe una msaidizi?" mteja akauliza.

"Niko peke yangu."

Mkono wake wa kulia, bila kutumwa na mtu, ukahamisha wembe kutoka shavuni hadi kooni, ukatulia juu ya mshipa unaopiga. Ilibidi auvute kwa mkono wa kushoto. Mteja hakujua kitu, akalipa, akaenda zake.

Kinyozi akafunga duka. Kila aliyemweleza alikuwa na jina la kumpa. Kaka yake alisema ni mawazo. Jirani alisema ni pombe, na mtu wa watu hata harufu yake haijui. Mkewe ndiye aliyekaribia kuamini, kwa sababu harufu ya nywele zilizolowa ilimfuata mumewe mpaka kitandani, akabadilisha mashuka, akabadilisha tena, harufu iko palepale. Mwisho akasema, "Twende kwa daktari wa akili, yule mwenye kliniki yake. Hafungi mtu kamba. Mnaongea tu."

Kinyozi akaenda. Alitarajia sindano, au angalau mtu wa kumshika mkono na kuutazama. Alichopata ni maswali. Unalala? Hamu ya kula ipo? Mama yako alikuwa mkali? Na baba je? Akajibu moja baada ya jingine huku hasira zinampanda, maana mtu umepeleka mkono unaulizwa mama.

"Daktari, mimi nimeleta mkono. Mama yangu hana kosa."

"Mara ya kwanza ni ya kufahamiana," daktari akasema kwa upole uliozidi kumkera. "Sitakuponya leo."

"Sasa leo nimekuja kufanya nini?"

Daktari hakucheka. Alikivuta kiti cha tatu kilichokuwa pembeni, chenye mto mnene, akakiweka kati yao. "Hicho kinachoutuma mkono wako, chukulia kimekaa hapa. Ni njia tunayoitumia. Ukikikimbia kinakua, ukikikaribisha kinanywea. Kikaribishe."

"Sikikaribishi ng'o."

"Basi ngoja nikusaidie." Daktari akakigeukia kiti kitupu, na kwa sauti ya mwenyeji asiye na kinyongo akasema, "Karibu. Kaa. Hapa ni kwako."

Msomi mzima. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini hata wao walikuwa wanamwona mgeni kabla ya kumfungulia.

Mto ule ukabonyea, taratibu, kama unavyobonyea mtu mzito anapojishusha kwa tahadhari, na harufu ya nywele mbichi ikajaa chumbani mpaka daktari akapeleka kiganja puani, na kabla kiganja hakijafika kikasita hewani, kikageuka, kikaenda shingoni mwake mwenyewe na kuanza kuupapasa mshipa, huku macho yake yakimtazama kinyozi kwa swali ambalo hakulisomea popote. Kinyozi akausikia mkono wake ukiwa mwepesi. Akaaga haraka.

Akafungua duka. Akanyoa wazee, akanyoa watoto wachanga, mkono ukamtii. Usiku alilala fofofo. Alipojaribu kumweleza mkewe mgeni alikobaki, mke akamkata kauli. "Mtu amekuponya, unataka kumharibia jina?" Na daktari alikwisha kupiga simu kwamba mara ya pili waje wote wawili, ndivyo inavyofanyika. "Na mimi nina yangu ya kumwambia," mke akasema. "Tangu uanze kuugua sijalala." Kinyozi akatafuta visingizio vikamwishia.

Walipofika, daktari aliwapokea mlangoni, mkono wa kulia ameuficha mfukoni, kidevu kimejaa mikato midogo. Mke alibaki mapokezi akinywa maji. Daktari akamsogelea kinyozi mpaka pumzi yake ikamgusa.

"Uliishi naye vipi?" akanong'ona.

"Mfukuze."

"Haondoki. Anataka kukaribishwa na mwingine, basi." Akatupia jicho mapokezi. "Nina watoto nyumbani."

Mke akaingia. Daktari akajinyoosha, sauti ikarudi kuwa ya kazini. "Karibu, mama. Kaa pale." Akaonyesha kile kiti cha tatu, ambacho mto wake ulikuwa umebonyea na hakuna aliyekikalia.

"Usikae," kinyozi akasema.

"Umeanza."

"Nakuomba. Daktari, mwambie ukweli."

Daktari akainamia meza, na kinyozi akasubiri neno moja tu kutoka kwa mtu pekee duniani aliyejua kwamba yeye si mwendawazimu, neno moja, hata kutikisa kichwa kungetosha, na lile neno halikuja, harufu ndiyo iliyokuja.

"Nimechoka," mke akasema chini chini. "Nimechoka na huo mkono wako. Na mimi nina haki ya kukaa." Akashika egemeo la kiti, akaanza kujishusha.

Kinyozi akautazama mkono wake uliopona. Aliupenda, ndio uliomlisha tangu ujana.

"Njoo," akakiambia kiti. "Rudi kwangu. Nimekukaribisha mwenyewe."

Mto uliobonyea ukainuka. Daktari akautoa mkono mfukoni, akaukunja vidole, akaukunjua, akashusha pumzi ndefu. Mke alikuwa amesimama, hakukaa tena, anamtazama mume aliyezungumza na kiti kitupu.

"Uliniambia umepona," akasema, na machozi yakamtoka.

Daktari alikwisha shika kalamu. "Usikate tamaa, mama," akasema, bila kumtazama kinyozi hata kidogo. "Hali kama hii huchukua muda. Tutaanza na dawa."

Kinyozi angesema nini, na angeaminiwa na nani? Mkewe akafuta machozi, akamshika mkono wa kulia, akamwongoza kuelekea mlangoni. Ule mkono ukavibana vidole vyake, polepole, kimoja baada ya kingine.

"Najua, mume wangu," mke akasema, akidhani ni yeye.