Mkanda wa Kiti cha Katikati

Gratien, jirani yetu wa Kalundu, kwenye bandari ya Uvira, alikuwa fundi wa umeme wa magari, mwenye mdomo wa utani na mkono mwepesi. Siku alipoletewa gari la Bonaventure ilikuwa Jumanne kama Jumanne nyingine. Boti zilikuwa zinashusha magunia bandarini, wapagazi wanatukanana kwa furaha, na jua limeshapanda. Gari lilikuwa la familia, la safu tatu za viti. Bonaventure, mkulima wa mpunga kutoka Mutarule, alitaka skrini mbili nyuma ya viti vya mbele ili watoto wake wawili watazame katuni safarini.

"Tunarudia ile njia ya Runingu, Fundi," alisema. "Minye sitaki batoto baangalie inje."

Gratien hakuuliza zaidi. Ni nani Uvira angeuliza? Mwaka ule watu wa uwanda wa Ruzizi walikuwa wamekimbia nyumba zao mara tatu, na kila mwenye macho alikuwa ameona ya kumtosha.

Na njia ile ilikuwa imemla yeye mwenyewe. Miezi kumi na mmoja kabla ya hapo alikwenda Runingu kutengeneza mota ya kinu, akamchukua binti yake Keza, mwenye miaka sita, akamsalimie bibi yake. Risasi zilipoanza, watu wakamiminika barabarani. Gratien alimshika Keza kwa mkono wa kulia, boksi la vyombo likiwa mkono wa kushoto. Boksi likamponyoka. Akauachia mkono wa mtoto, mara moja tu, akainama kuliokota. Alipoinuka hakumwona tena.

Kwao kilio kina mwisho wake. Ndugu hukaa pamoja, pombe ya ndizi huonjwa, jina la marehemu hutajwa, na waliobaki huruhusiwa kuishi. Kumaliza kilio hivyo wanakuita kuganduka. Pélagie, mkewe Gratien, alikuwa ameiomba siku hiyo hadi amechoka kuomba, na kila mara mumewe alikataa kwa hasira. Mtu haganduki kwa mtoto aliye hai, alisema, na kila Jumapili akaenda kuulizia kwenye kambi za wakimbizi. Nyumba yao ikawa haina kilio wala kicheko.

Basi Jumanne hiyo akafungua boksi lilelile na kuanza kazi. Bonaventure alikuwa amekuja na binti yake mkubwa, Iradukunda, ambaye tangu washuke alisimama mbali na gari. Baba yake alipovuka barabara kwenda kununua samaki wadogo wa ndagala, mtoto akasogea mlangoni.

"Fundi," alinong'ona, "usikae pa katikati. Pale iko mutu."

"Vizuri," Gratien akacheka. "Atanishikia waya."

Mtoto hakucheka. Akamkimbilia baba yake.

Gratien akafungua mkanda wa kiti cha katikati ili ainue zulia, akapitisha waya chini yake kutoka kwenye fyuzi mpaka nyuma. Akageuka kuchukua koleo. Aliporudi, mkanda ulikuwa umefungwa. Akajisemea ni joto, kichwa kimemchemka, akaufungua tena. Akafunga skrini ya kwanza, akafunga ya pili, kisha akatazama nyuma.

Mkanda ulikuwa umefungwa. Safari hii haukulala juu ya kiti. Ulikuwa umevutwa, umejikunja hewani, umezunguka nafasi tupu yenye kimo cha mtoto.

Alitaka kutoka. Mkono wake, kwa mazoea tu ya kazi, ukawasha skrini.

Skrini zile hazikuwa zimechomekwa kitu chochote. Hazikuwa na kamera. Lakini picha ilikuja, na ilikuwa picha ya viti vya nyuma vya gari lilelile. Katikati ameketi mtoto. Sweta ya manjano. Vifungo vitatu vyeupe, kimoja cheusi.

Kile cheusi Pélagie alikishona mwenyewe, baada ya cheupe kupotea.

Midomo ya mtoto ilikuwa inacheza. Sauti hakuna. Gratien akachomeka spika za masikioni, akazivaa. Kwanza upepo. Halafu pumzi. Halafu, karibu sana:

"Papa, boksi iko nzito?"

Gratien akaweka kiganja juu ya skrini.

"Papa. Unifungule."

Skrini zikazimika. Kwenye kioo cheusi aliona uso wake mwenyewe, na nyuma ya bega lake kiti kitupu.

Bonaventure alimkuta amepiga magoti kati ya viti.

"Nani alikaa hapa?" Gratien aliuliza kwa sauti ya chini. "Papa Iradukunda, niambie. Nani alikaa hapa?"

Bonaventure akaketi chini, palepale kwenye mchanga wenye mafuta, ndagala zikamwagika.

"Nilimuokota Runingu, siku ya mbio. Alikuwa peke yake, iko anatetemeka. Minye mwenyewe nilimufunga mukanda ili asianguke. Risasi ikapita kioo cha nyuma. Akasema, nifungule. Sikusimama, Fundi. Nilikuwa na batoto bangu." Akafuta uso. "Tulimuzika kando ya njia, tukavuka mupaka kwenda Bujumbura. Jina hakusema. Alikuwa na sweta ya manjano."

"Kifungo moja cheusi," Gratien alisema.

Bonaventure akainua uso, akaelewa, akaanza kulia kwa sauti. Gratien alilia pia, kilio alichokuwa amekizuia karibu mwaka mzima, mpaka wapagazi wakanyamaza. Kisha akaingiza mkono ndani ya gari na kuubonyeza mkanda ukafunguka.

"Shuka, mwanangu," alisema. "Tumefika."

Mkanda ukalegea. Gari likainuka kidogo upande ule, kama linavyoinuka abiria akishuka.

Jumamosi Bonaventure aliwapeleka yeye na Pélagie hadi mahali penyewe, mbele kidogo ya Runingu, ukingoni mwa shamba la mihogo. Ndugu walikuja na kibuyu. Pélagie alionja pombe, akampa mumewe. Gratien akataja jina la Keza, mara moja, kwa sauti, na kilio kikaondolewa. Tangu hapo mkanda ule haujajifunga wenyewe tena. Iradukunda ndiye anayekaa pale, na katuni anazitazama.

Lililobaki ni boksi. Vyombo vyote vimo, Gratien amevikagua hata mara kumi, lakini boksi limekuwa jepesi, kama linabebwa na watu wawili. Na mpini wake, upande mmoja, kila asubuhi una joto, sehemu ndogo ya kutosha vidole vinne vya mtoto. Alimwonyesha mkewe. Pélagie akaweka kiganja chake pale.

"Anakusaidia kubeba, Papa Keza," akasema. "Ili mukono yako moja ibakie wazi."

Ukimwona siku hizi akishuka kwenda bandarini, utaona anaushika mpini kwa mkono wa kushoto, pembeni, anamwachia mtu nafasi. Mkono wa kulia haubebi kitu. Huuacha wazi ukining'inia, na watu wanaokutana naye njiani humpisha upande wa kushoto, wala hawajui kwa nini.