Wanga Mkononi

Kila alasiri akitoka shule, Chiriku alimsaidia mama yake, dobi, kupiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni. Jina hilo la utani alilipata kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Chumba chao kilikuwa na meza moja, mabeseni matatu na joto lisilokwisha. Tangu wiki ianze, wote wawili walikuwa hoi.

Jumatatu mama alisinzia kitini, shati la mteja mapajani. Chiriku akamwonea huruma, akashika pasi mwenyewe. Ikamteleza, ikamchoma mkono. Aliuma shuka asipige kelele. Basi akafanya alichomwona mama akifanya miaka yote: akachota wanga baridi wa kukazia kola, akaupaka jerahani, kisha akashusha mkono wa sweta.

Alhamisi alikunja mashuka bila neno.

"Chiriku, leo umemeza ulimi?" mama aliuliza.

"Nimechoka tu, mama."

"Wewe hata ukichoka husema."

Mama alimgusa kipaji cha uso. Kilikuwa cha moto. Akaona anauficha mkono mmoja, akapandisha mkono wa sweta na kukuta wanga umegandia jerahani, mkono umevimba na unatoa usaha. Wakatoka mbio kwenda zahanati.

Muuguzi alikuwa amesimama tangu asubuhi, lakini utani haukumwisha. "Mkono si kola, binti yangu. Nani kakwambia uutie wanga?"

Alilowesha wanga polepole mpaka ukabanduka, Chiriku akilia. "Watanikata mkono?"

"La, mmewahi. Ngoja nikueleze. Ngozi ni ukuta. Moto ukiubomoa, damu hutuma askari wake, chembe nyeupe. Wanasafisha mahali pale na kupambana na vijidudu, ndiyo maana pakavimba na kupata joto. Ulipopaka wanga, ukawafungia maadui ndani. Askari wako wamepigana siku tatu peke yao. Homa hii ni vita vyao, na uchovu wako ndio gharama yake. Nitakupa dawa iwasaidie, lakini nawe upumzike."

Nyumbani, mama alimlaza Chiriku kitandani. Kisha akapandisha mkono wa gauni lake. Kovu lilikuwa limeivuta ngozi ya kifundo cha mkono hadi hakikunyooka.

"Nilidhani umezaliwa hivyo," Chiriku alinong'ona.

"Nilikuwa na umri wako pasi iliponichoma. Nilipaka wanga, nikamficha bibi yako. Mpaka leo nikiungua kidogo naupaka, mazoea tu. Wewe umeiga kosa langu, mwanangu, nisamehe." Machozi yalimlengalenga. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukiungua, weka mkono kwenye maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika ishirini. Usipake kitu. Kisha niamshe, hata kama nakoroma."

"Unakoroma sana, mama."

Mama alicheka, kwa mara ya kwanza wiki ile. Mashuka yalikuwa bado rundo mezani. Aliyatazama, akachomoa waya wa pasi, akajilaza kando ya binti yake.