Mpaka Uliohamishwa Kanchenjunga

Jumatatu, saa moja kasoro kumi asubuhi, mlima Kanchenjunga ulikutwa umeharibiwa. Ulikuwa mlima wa makaratasi, mezani, chumba cha jiografia, shule moja ya Mlandege, Iringa. Uzi mwekundu, mpaka wa Nepali na India, ulipita juu kabisa ya kilele. Sasa mtu ameung'oa na kuubandika pembeni. Kilele chote kimekuwa cha Nepali.

"Ni Nasrin," alisema Mwalimu Bartholomeo wa jiografia mbele ya darasa. "Ijumaa ndiye aliyefunga, ufunguo akarudisha ofisini. Mimi nipo zamu tangu saa kumi na mbili, sijaona mtu. Kwenye mashindano ya shule huko Mbeya haendi."

Nasrin wa kidato cha pili alitengeneza mlima huo mwezi mzima. Kuongea mbele za watu humshinda. Leo alimgeukia mkuu wa shule, Mama Veneranda.

"Madam, naomba dakika tano. Siondoki hapa."

Akagusa uzi. "Gundi mbichi. Ya Ijumaa ingeshakauka. Hii ni ya leo."

"Basi Gerson!" mwanafunzi mmoja akapiga kelele. Gerson wa darasa lao alifika alfajiri kupika uji wa shule, umemrukia mpaka kwenye kiwiko.

"Mnanionea! Nikiharibu mlima napewa nini, chapati?"

Sisimizi wawili walikuwa wanatembea kwenye uzi. Nasrin akachovya kidole kwenye gundi, akalamba. Darasa likacheka.

"We Nasrin, njaa hiyo!"

"Si gundi, ni uji. Tena mtamu. Gerson, uji wetu una sukari?"

"Sukari? Tangu Mei hatujaiona. Inawekwa kwenye chupa ya uji wa walimu tu."

"Leo nani kachukua hiyo chupa?"

Gerson akaangalia viatu vyake. "Mwalimu wa zamu. Wengine walikuwa hawajafika."

Wote wakamgeukia Bartholomeo.

"Mwalimu," Nasrin alisema, "kwa nini?"

"Mwaka mzima nafundisha mlima uko Nepali peke yake!" Bartholomeo akafoka. "Ukanibishia na atlasi mkononi. Uende kuwaonyesha majaji Mbeya kwamba nimekosea? Miaka kumi na nane ubaoni, nichekwe kwa ajili ya binti?"

Mama Veneranda akashusha pumzi. "Nasrin, kafunge mzigo uwahi basi. Haya tutayamaliza ofisini."

"Hapana, Madam. Kanisingizia hapa, aombe radhi hapa. Basi liniache tu."

Gerson akasimama nyuma yake. Kisha darasa zima.

Bartholomeo akavua miwani. "Nisamehe, Nasrin," akanong'ona.

"Kwa sauti, Mwalimu," Nasrin alisema. "Wa nyuma hawajasikia."