Faundesheni Kwenye Shati la Fundi Rangi

"Hii ni nini?"

Mpambaji alikuwa ameshika shati la bluu kwa ncha za vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya. Alikuja asubuhi ile kwa nia njema kabisa, achukue shati moja la mchumba wake alipeleke kwa fundi nguo, suti ya harusi ikatwe kwa kipimo chake.

Mchumba mwenyewe, Fundi Rangi, mpuliza rangi za magari, alikuwa amekaa kitandani anafunga kamba za viatu. Jua lilishaanza kuchoma bati, naye kavaa koti.

"Shati," alijibu.

"Naona ni shati, mimi si kipofu. Nauliza hiki kilichoganda mkononi mwa shati."

"Rangi hiyo. Si unajua kazi zetu."

"Rangi ya gari gani? Mwenzangu, mimi kila wiki napaka maharusi nyuso mpaka mama zao wanawasahau. Hii ni faundesheni."

Fundi Rangi aliinama tena kwenye kamba za viatu, ingawa zilishafungika.

"Na si yangu," Mpambaji aliendelea, sauti ikianza kupanda. "Mimi maji ya kunde. Hii ni ya mtu mweusi tii. Yaani umetafuta mwanamke mweusi kuliko mimi, umemlaza kwenye mkono, halafu shati umelitupa chini ya kitanda!"

"Mke wangu, hakuna mwanamke."

"Nani mkeo? Harusi bado."

Kama vile shetani alikuwa anasubiri zamu yake, simu ya Fundi ikalia mezani. Mpambaji ndiye aliyekuwa karibu. Kwenye kioo jina lilisomeka "Dada Mashine", na chini yake ujumbe:

"Mpenzi, usisahau leo saa tano. Leo tunammaliza kabisa yule, hutamkumbuka tena. Njoo peke yako kama siku ile."

Mpambaji aliusoma kwa sauti. Alipofika "kama siku ile" akarudia mara mbili.

"Yule ndio mimi, eti? Mnanimaliza saa tano?"

"Siyo hivyo! Ngoja nikueleze."

"Eleza."

Fundi alifungua mdomo, akaufunga, akautazama mkono wake wa kushoto, akanyamaza. Kule kunyamaza ndiko kulikomuumiza Mpambaji kuliko shati na ujumbe vyote pamoja. Alimpenda mtu huyu. Alimpenda mpaka harufu ya thina ya kuchanganyia rangi, iliyowakimbiza wengine, yeye aliiona manukato. Akatoa simu yake, akamwandikia wifi yake, huku machozi yakidondokea kwenye kioo:

"Wifi, harusi hakuna. Mengine muulize kaka yako."

Jibu lilikuja papo hapo: "HEE! Kafanya nini tena? Mbona nguo yangu ishakatwa?"

"Kapata mweusi kuliko mimi."

"Nani huyo??"

Hakumjibu. Alichukua mkoba, akashika mlango. Fundi aliruka kutoka kitandani kumzuia, naye Mpambaji akamsukuma kwa hasira, akamkamata mkono wa koti.

"Yalaaa!"

Haikuwa sauti ya mtu anayejitetea. Fundi Rangi, mtu mzima na ndevu zake, alikaa chini sakafuni ameubana mkono kifuani, macho yamejaa maji.

"Nimekugusa tu," Mpambaji alisema, hasira ikimpungua bila ruhusa yake. "Una nini? Vua koti."

"Niache."

"Vua koti kabla sijalichana!"

Alilivua polepole. Ndani alikuwa amezungushia karatasi ya chooni, nayo ilikuwa imegandana na ngozi. Mpambaji alileta maji, akailowesha, akaitoa kipande kwa kipande. Pale palipokuwa na tatuu ya jina la mwanamke wa zamani, jina alilojichora ujanani akiamini mapenzi hayaishi, palikuwa na malengelenge, mengine yamepasuka. Herufi za mwanzo zimefifia, za mwisho zipo vilevile. Katikati ngozi imetoka mabaka meupe. Na pembeni, iliyopakwa vibaya sana, faundesheni nyeusi tii.

Mpambaji aliiangalia faundesheni, akaiangalia shingo ya Fundi, akairudia faundesheni. Ilikuwa rangi ileile.

"Mwanamke mweusi ni wewe!"

"Nilinunua mwenyewe," Fundi alinong'ona. "Dukani nikasema ni ya dada yangu. Nilitaka kuficha mabaka mpaka yaishe."

"Juu ya kidonda? Na Dada Mashine?"

"Ni wa saluni ya pale stendi. Wameleta mashine ya leza, wanafuta tatuu. Wateja wote anawaita mpenzi, na chumba chake hakiingii wawili. 'Yule' ni jina hili."

Mpambaji alitaka kucheka na kulia, akashindwa kuchagua.

"Nani alikutuma, baba? Mimi nilikwambia ufute?"

"Siku ya picha za uchumba ulinipaka mkono. Ukasema, 'Tumfiche mwenzetu asije akatokea kwenye picha.' Watu wote wakacheka."

"Ilikuwa utani!"

"Mimi sikucheka. Nikasema siwezi kuingia kwenye ndoa na mtu wa kufichwa."

Maneno hayo Mpambaji alikuwa hata hayakumbuki. Aliyasema na brashi mkononi, kama anavyosema mia nyingine kila siku. Aliona aibu, na aibu ilipomzidi akageukia kufoka.

"Na hiyo mashine ndiyo inachoma watu hivi?"

Fundi alikuna kichwa. "Yule dada alitaka ajaribu sehemu ndogo kwanza. Nikamwambia asinipotezee muda. Nikamwambia aongeze nguvu."

"Aongeze nini?"

"Rangi iliyokomaa haitoki kwa kubembelezwa. Ukishika msasa laini utasugua mpaka uzeeke."

"Wewe ni mlango wa gari? Ukikwangua chini unakuta bati? Halafu magari ya watu unayajaribia rangi chini ya bampa kwanza, nakuona kila siku! Mkono wako hukuutafutia bampa?"

Fundi alimnyooshea mkono. Mpambaji aliuosha mkono kwa maji safi, akaufunika kwa kitambaa safi, akamwongoza bwana harusi aliyefukuzwa mpaka hospitali.

Daktari wa ngozi, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, aliukagua mkono kwa muda mrefu. Mpambaji alisimama pembeni.

"Leza inatafuta rangi," daktari alisema. "Inapiga wino uvunjike. Lakini ngozi nyeusi nayo ina rangi yake. Mashine isiyofaa, au nguvu ikizidi, inapiga vyote viwili. Ndiyo maana mtu anaungua, anatoka mabaka, wengine wanabaki na makovu ya kuvimba. Wewe umewahi kuwa na kovu lililovimba?"

"Hapana, daktari."

"Mshukuru Mungu. Kwa ngozi zetu kuna mwanga unaozama chini bila kuumiza sana juu. Wanaanza na nguvu ndogo, wanajaribu sehemu ndogo, wanasubiri wiki nyingi ngozi ipumzike. Wewe uliambiwa urudi lini?"

"Leo saa tano."

"Na mara ya kwanza ulienda lini?"

"Wiki iliyopita."

Daktari alivua miwani. "Juu ya malengelenge haya? Ungeenda, leo tungekuwa tunaongea habari nyingine kabisa. Nani alikuzuia?"

Fundi alimtazama Mpambaji. "Wivu, daktari."

"Basi huo wivu umeokoa mkono wako."

"Utapona?" Mpambaji aliuliza.

"Utapona. Hakuna usaha. Mabaka meupe mara nyingi rangi hurudi yenyewe, ila ni miezi, na siwezi kukuapia kwamba yote yatarudi. Kovu tutalifuatilia. Jua lisimpige, thina asiiguse, na faundesheni marufuku. Akishapona, akitaka kuendelea kufuta, aje tuzungumze."

Mpambaji alishusha pumzi ndefu mpaka daktari akatabasamu.

"Mkono wako huo," Mpambaji alimwambia Fundi. "Ukifuta sawa, ukiacha sawa. Mimi na huyo mwanamke hatuna ugomvi."

"Naona nipone kwanza."

Simu ya Mpambaji ilikuwa inatetemeka mkobani bila kukoma. Ni wifi huyo, nguo yake imekatwa na maelezo hana. Mpambaji aliiacha itetemeke.

"Kuna jambo moja," daktari alisema akichukua bandeji. "Kidonda kisafishwe kila siku, na kwa mkono mmoja hawezi kujifunga. Nani atamsaidia?"

"Mimi," alijibu Mpambaji.

"Na wewe ni nani wake?"

"Mke wake."

Fundi Rangi aligeuka haraka mpaka kiti kikalia. "Si umesema harusi hakuna?"

"Hebu nyamaza, daktari ananionyesha jinsi ya kufunga."