Kibao cha Fundi Umeme

Asubuhi hiyo Fundi Umeme alikuwa juu ya ngazi, brashi mkononi. Alikuwa anaandika kibao kipya cha karakana yake. Mkewe, mshonaji, alikisoma kutoka chini: "Fundi Umeme na Binti."

"Mume wangu! Mtoto hajaanza hata chuo!"

"Dalili ya mvua ni mawingu," alijibu fundi, akaendelea kupaka.

Binti yao walimzoea kwa jina la Chiriku, kwa sababu hanyamazi. Lakini siku hiyo alikuwa kimya. Alikuwa amefaulu mtihani, na fomu ya chuo ilikuwa mezani. Alitakiwa kuandika tawi moja tu la uhandisi, mwisho Ijumaa. Baba alitaka umeme. Chiriku alimpenda mno baba yake, akaogopa kumwambia kwamba moyo wake hauko huko.

Akaenda kwa jirani yao, mama mmoja mhandisi wa mitambo katika kiwanda cha sabuni.

"Shikamoo, shangazi. Tawi gani la uhandisi ni rahisi?"

"Marahaba. Hakuna! Yote yana hesabu na fizikia. Wewe unapenda lipi?"

"Maji. Lakini watu wanasema ni magumu. Na baba anataka umeme."

Jirani akatoa madaftari mawili ya zamani. "Haya niliyatumia mwaka wa kwanza. Hili la umeme, hili la maji. Fanya maswali kumi katika kila moja, kisha urudi."

Siku ya tatu Chiriku alirudi ameinamisha kichwa. "Umeme nimepata manane. Maji matano. Basi ni umeme," alisema, kama mtu aliyeibiwa kuku.

"Yale mawili ya umeme uliyokosa, umeyafanyia nini?"

"Sijayagusa tena."

"Na ya maji?"

"Nimeyarudia mara tatu, shangazi, na sasa nimepata mengine matatu! Tena nimejua kwa nini maji ya kufulia yanatuama mlangoni kwetu. Nadhani mfereji umeinamia nyumbani!"

Chiriku alikuwa amerudi kuwa Chiriku. Jirani akacheka.

"Ugumu utaukuta katika kila tawi, mwanangu. Chagua ule ambao ukikushinda leo, kesho unaurudia bila kutumwa. Lakini kupenda peke yake hakutoshi. Soma orodha ya masomo ya miaka yote. Waulize wanaosoma. Nenda ukaone kazi yenyewe. Makosa yako mengi ni ya hesabu, na hesabu hufundishika."

Kesho yake Chiriku alishinda kwenye mtambo wa kusafisha maji, akiuliza maswali mpaka wafanyakazi wakachoka. Aliporudi alimweleza baba yake kila kitu. Fundi alitazama nje, kwenye kibao chake. Iliuma.

"Na kibao changu je?"

"Baba, njoo kwanza unishikie mpira huu."

Ulikuwa mpira mrefu, mwangavu, uliojazwa maji. Fundi alishika ncha moja mlangoni, binti akashika nyingine mwisho wa mfereji.

"Maji ndani ya mpira husimama kimo kimoja pande zote mbili," alieleza Chiriku. "Sasa tupime kutoka kwenye maji hayo mpaka sakafu ya mfereji."

Fundi alipima. Akapima tena. Mwisho wa mfereji ulikuwa juu kuliko mlangoni, kwa vidole vinne.

"Kumbe! Miaka kumi na miwili namlaumu mama yako kwamba anamwaga maji mengi!"

"Nimesikia!" mama aliita kutoka kwenye cherehani.

Wakachimba upya pamoja, baba na binti. Siku ya kufua, maji yalitoka mlangoni yakaenda zake moja kwa moja. Fundi aliyafuata kwa miguu mpaka yalipoishia. Aliporudi macho yake yalikuwa yamelowa.

"Jaza fomu yako, mama," alimwambia binti yake.

Ijumaa Chiriku aliandika: uhandisi wa maji.

Jumamosi fundi alipanda tena ngazi. Mkewe akasoma kutoka chini: "Fundi Umeme, Baba wa Mhandisi wa Maji."

"Mume wangu! Mtoto hajaanza hata chuo!"

"Najua," alisema fundi. "Lakini safari hii nimemuuliza."