Alitubu kwa Wote Isipokuwa Mmoja

"Nimesema, usinikaze sana hapa pembeni," mteja alimpazia msusi sauti upande wa kulia, mpaka wote mle saluni wakageuka.

"Dada, nasikia. Huna haja ya kupiga kelele."

"Nisamehe. Si mumeo alisema juzi kanisani kwamba hili sikio lako la kushoto alilipasua yeye kwa kofi? Nikaona nikusemeshe kwenye zima."

Vidole vya msusi vikasimama kwenye nywele. Miaka yote aliwaambia watu kwamba sikio lile liliharibiwa na homa. Hata shangazi yake aliyemlea alijua ni homa.

"Lakini una bahati wewe," mteja akaendelea. "Wangu mimi hata akivunja kikombe hakubali. Wako anasema mbele ya kanisa zima. Tulilia siku ile."

"Mlilia?"

"Hadi mchungaji."

"Nami nilikuwepo, kiti cha tatu. Kuna aliyenitazama?"

"Tulikutazama wote, dada."

"Haya," akasema msusi, akashika kitana chake, akaendelea na kazi.

Jioni mumewe akarudi kutoka karakana. Ni fundi wa kuchomelea mageti, na mtaa mzima unamwita Cheche. Zamani alikuwa mlevi wa kuokotwa barazani. Tangu aokoke hajagusa chupa, wala hajamnyanyulia mkewe mkono. Hilo ni kweli, na mkewe hakulikana kamwe.

"Mke wangu, kuna habari njema. Jumapili ya mkutano mkubwa wamenipanga mimi kutoa ushuhuda. Makanisa yote ya jirani yanakuja."

"Utasema la sikio?"

"Ndilo lenyewe hasa. Nikifika pale kwenye sikio ndipo wanaume wanainuka kwenda mbele."

"Nani alikupa?"

"Alinipa nini?"

"Sikio langu."

Cheche akacheka kidogo, akidhani ni utani. Kisha akaona mkewe amekaa na viatu vya kazini miguuni, mkoba bado begani.

"Jamani, shetani asitupitie hapa. Mimi nimetubu. Hunioni nilivyobadilika?"

"Nakuona. Namshukuru Mungu kwa hilo, wala sikutanii. Ila ulitubu kwa nani?"

"Kwa Mungu."

"Na kwa nani tena?"

"Kwa kanisa."

"Na kwa nani tena?"

Cheche akaitafuta siku, hata moja, jikoni au chumbani au njiani, ambayo alimkalisha mkewe akamwambia nimekukosea. Hakuiona.

"Nilidhani unajua kwamba najuta," akasema kwa sauti ndogo.

"Nilijulia kwenye kipaza sauti, pamoja na wanakwaya."

Kesho yake asubuhi msusi akafunga begi, akaenda kwa shangazi yake.

Cheche akamtumia ujumbe: "Mke wangu rudi. Watu wanauliza."

Akajibiwa: "Kwa hiyo watu ndio waliokutuma?"

Akaandika, akafuta, akaandika tena, akafuta. Mwisho simu akaiweka mfukoni.

Mchungaji naye akapiga.

"Binti yangu, unaturudisha nyuma. Mumeo ameokoka, mkutano umekaribia, kiti chako kiko tupu. Kusamehe ni amri."

"Baba mchungaji, mimi nilishamsamehe, kwa magoti yangu mwenyewe, peke yangu. Ila sijaombwa."



"Hajakuomba?"

"Muulize."

"Na mimi sikumuuliza," mchungaji akasema, kama anajisemea mwenyewe.

Siku mbili kabla ya mkutano Cheche akaenda mwenyewe, amevaa shati la ibada. Shangazi akasimama mlangoni, hakumpisha.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umekuja kumchukua au umekuja kumwomba?"

"Vyote viwili."

"Chagua."

"Shangazi, mkutano ni keshokutwa..."

"Basi umeshachagua." Akarekebisha kanga kiunoni, wala hakupandisha sauti. "Mtu akiwa anakwenda madhabahuni akakumbuka kwamba amemkosea mwenzake, anageuza njia. Kwanza kwa mwenzake, kisha madhabahuni. Hilo hamkufundishwa, au mlifundishwa kushika kipaza sauti tu?"

Cheche akainamisha kichwa.

"Mimi niliambiwa ni homa, mkwe. Nilihangaika kumtafutia dawa za homa. Nikawa nakusifu kwa majirani, namna unavyomuuguza mkeo. Nenda nyumbani."

Alikwenda, lakini hakulala sawasawa. Kesho yake karakanani akajikuta anachomelea bawaba juu ya chuma chenye kutu, bila kukisugua. Alipoigonga kwa nyundo, ikadondoka. Akazima mashine, akakaa chini. Akajiona alivyokuwa akipigiwa makofi huku mkewe ameinamisha uso kiti cha tatu. Alikuwa ameuona uso ule kila mara, akadhani ni furaha inayomliza.

"Ee Mungu," akasema, "nimempiga tena, na safari hii sikuwa hata nimelewa."

Jumapili uwanja wa kanisa ukajaa mpaka nje. Jina lake likaitwa, vigelegele vikapigwa. Cheche akapokea kipaza sauti.

"Bwana asifiwe."

"Ameni."

"Nimeitwa kutoa ushuhuda. Leo siutoi." Watu wakaanza kunong'ona. "Habari ile ni ya mke wangu. Niliichukua bila kumwomba, nikawagawia. Dhambi niliyoitubu kwenu, yeye sijamtubia. Naomba mniache niende."

Akakiweka kipaza sauti juu ya kiti, akapita katikati ya watu. Mchungaji akainua mkono kama anataka kumwita, kisha akaushusha.

Kwa shangazi, msusi alikuwa uani anafua taulo za saluni.

"Mkutano umekwisha mapema hivi?"

"Ndiyo kwanza unaanza."

"Mbona uko hapa?"

"Nimekuja kukuomba msamaha. Sijaja kukuchukua."

"Msamaha wa lipi?"

"La sikio."

"Lisimulie. Kama unavyowasimulia wao."

Cheche akachuchumaa karibu na beseni. "Nilirudi nimelewa. Chakula kilikuwa kimepoa, nikakasirika, nikakupiga kofi moja..."

"Sivyo."

"Sivyo?"

"Chakula kilikuwa cha moto, wala hukukitazama. Nilikuwa nacheka. Kulikuwa na mtu kwenye redio amenichekesha, ukaingia, ukadhani nakucheka wewe. Na kofi halikuwa moja." Akachovya taulo, akaitoa. "Toka siku ile nikitaka kucheka ndani ya nyumba yako, naziba mdomo kwanza. Hilo hujawahi kulisimulia, kwa sababu hulijui."

Cheche akalia. Hakulia kama anavyolia kanisani, akiwa ameinua mikono. Alilia ameshika ukingo wa beseni, makamasi yanamtoka, hana pa kujifutia.

"Sikujua."

"Hukuuliza."

"Nimekukosea. Nilikupiga. Nikakuacha udanganye watu kwa ajili yangu. Halafu nikakutangaza, nikasifiwa. Nisamehe. Hata usiporudi, nisamehe."

Msusi akaitoa taulo nyingine majini.

"Msamaha wako upo siku nyingi. Nilikuwa nakungoja uje uuchukue."

"Na nyumbani?"

"Nyumbani nitakuja moyo wangu ukitulia. Usinihimize, wala usinitumie mchungaji."

"Sitamtuma."

"Shika huku, tukamue."

Basi ikawa kila Cheche akitoka kazini anapita kwa shangazi. Siku za mwanzo hakupewa kiti, alipewa ndoo akachote maji. "Mkwe aliyeokoka lazima awe na mabega," shangazi alikuwa akisema, na Cheche anachota. Jioni wanasali watatu, kisha mkewe anaongea na yeye anasikiliza. Mengine yalikuwa machungu kuliko la sikio. Hakujitetea. Mchungaji naye alikuja, akavua kofia, akamwomba msusi radhi kwa simu ile.

Ikafika siku msusi akafunga begi lake mwenyewe, akamwambia shangazi, "Naenda nyumbani kwangu." Shangazi akamsindikiza mpaka mlangoni kwake, akakagua jiko, akakagua na mkwe, akaondoka.

Ushuhuda ule haukusikika tena. Lakini wanaume bado wanamfuata Cheche karakanani, hasa wale wenye jambo nyumbani. Anawasogezea benchi, na kabla hawajafungua mdomo anawauliza:

"Mkeo umeshamwambia?"

"Nilitaka kwanza nikwambie wewe, ndugu yangu."

"Mimi hukunikosea kitu," anasema, huku akivaa miwani yake ya kazi. "Nenda nyumbani. Mimi nitakuwepo hapa."