Talaka ya Saa Saba

"Uko wapi, Limbert?"

"Niko njiani, mpenzi."

"Njia gani hiyo yenye tarumbeta?"

Upande wa pili tarumbeta ndizo zilizojibu kwanza.

"Leo mji mzima una bendi, Yovana, unajua mwenyewe. Saa sita kamili nitakuwa hapo, tunanunua nyumba yetu."

"Uliapa."

"Niliapa, na naapa tena."

Simu ikakatika. Yovana akaitumbukiza kwenye mfuko wa aproni, akarudi kukoroga sufuria yake ya api, ule uji wa mahindi ya zambarau ambao watu wa La Paz wakiunywa asubuhi ya baridi husamehe hata wakwe zao. Mkono ulikuwa unauma. Mgongo nao ulikuwa umeacha kuuma, umezoea.

Kwenye kibanda cha jirani alikaa Mama Satuka, muuza majogoo ya plasta, mwanamke mnene mwenye ulimi usiolala.

"Kasema yuko njiani?"

"Ndiyo, Mama."

"Mwanaume wa njiani, mwanangu, huwa anafika kwa wengine kwanza."

"Mama, usianze."

"Sijaanza. Nimemaliza."

Ilikuwa sikukuu ya Alasita. Siku hiyo unanunua unachokitamani kikiwa kidogo kama kidole: nyumba, gari, gunia la sukari, hata shahada ya udaktari. Kengele ya saa sita mchana ikigonga uwe nacho mkononi, kifukizwe ubani, kinyunyiziwe mvinyo, na mwaka hauishi kabla hujakipata kikubwa chake. Usicheke. Hata mabwana wa benki wenye tai hupigana vikumbo siku hiyo wakigombea vigari vya bati. Ila kuna sharti: cha kujinunulia mwenyewe hakina nguvu. Lazima upewe na mtu.

Yovana hakutamani ghorofa. Alitaka mlango mmoja tu, na Limbert ndani yake.

Miaka sita ya uchumba, na jibu la Limbert lilikuwa lile lile. Mwulize Februari, atakwambia tukimaliza Karnivali. Karnivali ikiisha, mazoezi ya sikukuu ya Gran Poder yameanza, na mtu anayejiandaa kucheza ngoma ya Morenada mbele ya mji mzima hawezi kuwaza mambo mawili. Gran Poder ikiisha, miguu inauma, ngoja Watakatifu Wote tuwaombe marehemu ruhusa. Marehemu waliombwa. Walinyamaza, wakahesabiwa wamekataa. Halafu Krismasi, halafu Alasita, halafu Karnivali imerudi tena na manyoya yake. La Paz ina sikukuu nyingi kiasi kwamba mwanaume mwenye visingizio hawezi kulala njaa.

Na kila sikukuu Limbert alicheza, Yovana alisimama. Asubuhi alikuwa akimfunga lile vazi la Morenada, zito kama mlango wa benki. Mchana anauza uji. Jioni anamsubiri mwisho wa barabara na beseni la maji moto ya chumvi, amkande miguu. Watu wengine hukumbuka sikukuu kwa nyimbo zake. Yeye alizikumbuka kwa visigino vya Limbert.

Kengele ikagonga.

Mama weee! Watu wakamiminika kama maharage kutoka gunia lililopasuka. Moshi wa ubani ukapanda, kila mtu akainua mkono na kitu chake kidogo juu. Yovana akasimama kwenye kiti cha wateja, akatafuta kofia ya Limbert katika bahari ile ya kofia.

"Amefika?" Mama Satuka akapiga kelele.

"Bado!"

"Nikupe nyumba mimi?"

"Ukinipa wewe, Mama, nitaishi na wewe!"

"Na mimi nakoroma!"

Walicheka wote wawili, lakini Yovana alicheka akiwa bado anatafuta ile kofia. Kengele ikanyamaza. Mikono ikashuka. Saa sita ikawa imekwenda.

Simu ikatetemeka. Ujumbe ulitoka kwa Nilda, dada yake Limbert:

"Wifi hongeraaa!! Nimeona picha kwenye kundi la Morenada. Ila mbona leo umekuwa mrefu hivyo?"

Kisha ikaingia picha yenyewe.

Ilipigwa kwenye kibanda cha ndoa za utani, pale ambapo bwana mwenye pua nyekundu ya plastiki hufungisha watu ndoa kwa vicheko, na kibanda cha pili yake hutoa talaka za utani kwa waliojuta. Limbert alikuwa na ua la karatasi kifuani. Pembeni yake alisimama dada mmoja mrefu, kofia ya duara, hereni za dhahabu hadi mabegani. Jhoselin, mchezaji wa mstari wa mbele katika kikundi cha Limbert. Chini ya picha kiongozi wa kikundi alikuwa ameandika:

"Karibuni pasante wetu wa mwaka huu, Limbert na Jhoselin! Wamefunga ndoa saa sita kamili, sikukuu yetu ibarikiwe!"

Pasante ndio wenye sikukuu. Wanapokea wageni, wanatangulia mbele ya kikundi wameshikana mikono, mji mzima ukiwatazama. Na kiti hicho hakipewi mtu mmoja, wala kaka na rafiki. Wanapewa mke na mume, au wanaokaribia kuwa.

Mama Satuka akaisoma simu akiiweka mbali na macho.

"Saa sita?"

"Kamili."

Yule mama wa maneno mengi akarudi kwenye kiti chake, akaanza kufuta vumbi majogoo yake. Hapo ndipo Yovana alipojua kwamba jambo ni zito.

Limbert alifika mvua ikianza kunyunya, anahema, kinyumba cha plasta mkononi.

"Mpenzi! Nimekuja! Angalia, ya ghorofa mbili, na gereji pia!"

"Umeinunua saa ngapi?"

"Saa sita na... kidogo."

"Una vikaratasi kichwani."

"Leo nani hana vikaratasi?"

"Vya harusi, Limbert."

Akamgeuzia simu. Limbert akaiangalia picha kama anayeona sura ya ndugu aliyepotea.

"Aaa, hii! Ni utani, Yovana! Mfungishaji mwenyewe ana pua ya plastiki!"

"Najua ni utani. Kile kibanda nakipita kila Alasita na sufuria yangu. Miaka sita kipo pale. Mimi hukuwahi hata kunitania."

Mteja mmoja akasahau kumeza uji.

"Wazee wa kikundi walitaka watu wawili," Limbert akajitetea. "Na wewe, usikasirike, wewe kila nikikutazama umechoka."

"Nimechoka. Ulidhani nimechoka kwa kucheza?"

"Nisubiri. Usiondoke. Nalimaliza hili sasa hivi!"

Akakimbia huku anateleza kwenye matope. Aliporudi alikuwa anapunga karatasi juu kama aliyeshinda bahati nasibu.

"Nimempa talaka! Muhuri huu hapa! Mimi ni mwanaume huru!"

Wateja wakaangua kicheko. Mama Satuka akainuka taratibu.

"Hebu, mwanangu. Hii umeipata saa ngapi?"

"Sasa hivi. Saa saba."

"Basi pole. Talaka ya saa saba haivunji ndoa ya saa sita."

"Mama Satuka, tafadhali, usiingilie..."

"Mimi? Mimi nauza majogoo."

Kabla hajapata jibu, sauti nyingine ikatoka nyuma yake.

"Limbert! Yaani unanipa talaka hata mwaliko sipati?"

Alikuwa Jhoselin, ameishika sketi yake pana isiburuzike kwenye matope. Alikuja anacheka. Alipomwona Yovana, kicheko kikapungua.

"Wewe ndiye Yovana? Yule wa zamani?"

"Zamani ipi?"

"Alisema mliachana. Sikukuu ya Watakatifu Wote."

"Watakatifu Wote nilimfulia shati la kwendea makaburini."

"Lile jeupe?"

"Lililokuwa limetoka kifungo."

Jhoselin akamtazama Limbert, kisha akashusha pumzi.

"Kifungo nilishona mimi, dada."

Wanawake wawili wakamgeukia kwa pamoja. Limbert akajikuta amesimama na nyumba mkono mmoja na talaka mkono wa pili, na hakuna hata kimoja cha kujifichia.

"Naomba niseme."

"Sema," wakajibu.

"Yovana, nisikilize. Wewe ndiye wa moyo wangu. Naapa, tukimaliza Gran Poder..."

"Ooooh!" wateja wakapiga yowe.

Jhoselin akaling'oa ua la karatasi kwenye shali yake, akalitupa matopeni.

"Kawaambie wazee watafute pasante wengine. Na uwaambie wewe mwenyewe, usimtume mtu." Akamgeukia Yovana. "Dada, nisamehe. Sikujua."

"Hujanikosea. Umenipunguzia kazi."

Jhoselin alipoondoka, Limbert akasogea, sauti chini, macho yamelowa. Na usimwone mnafiki, machozi yalikuwa ya kweli. Wapo watu wanaokupenda kweli na bado wanakuchosha hadi mfupa.

"Ichukue basi hii nyumba. Ni zawadi. Nimekupa mimi."

Yovana akaipokea, akaitazama. Madirisha yalikuwa yamechorwa tu. Mlango pia. Akairudisha mkononi mwa Limbert, akavikunja vidole vyake juu yake kimoja kimoja, kwa upole wa siku zote.

"Baki nayo. Nimekupenda miaka sita nikiwa nimesimama, Limbert. Sasa nataka kukaa."

"Unaniacha?"

"Ndiyo."

"Siku ya Alasita?"

"Ungenipa siku isiyo sikukuu, ningekuacha siku hiyo."

Limbert akasimama kidogo mvuani, akingoja labda Yovana acheke. Hakucheka. Limbert akaenda zake, na mtu akamkanyaga mguu wala hakugeuka.

Mama Satuka akachagua jogoo mwekundu, akampa Yovana.

"Chukua. Mwanamke akipewa jogoo, mume hayuko mbali. Sitaki chochote, nakupa tu."

"Mama, jogoo kazi yake nini?"

"Kuwika alfajiri."

"Basi mwakani. Mwaka huu sitaki kitu cha kuniamsha."

Yovana akauzima moto wa jiko kwa maji, akafunika sufuria iliyokuwa bado nusu, akavua aproni. Wateja waliokuwa kwenye foleni wakaanza kulalamika.

"Unafunga?" Mama Satuka akashangaa. "Leo? Siku ya kuuza kuliko zote?"

"Leo."

Akapanda ngazi za mtaani kwao polepole, akipishana na watu wanaoshuka mbio na ndoto zao mikononi. Simu ikaita mara mbili. Mara ya tatu akaizima. Akaingia chumbani, akavua viatu vilivyolowa, akajifunika blanketi mbili mchana kweupe. Chini bondeni bendi zilikuwa ndiyo kwanza zinapamba moto. Akageukia ukutani, akalala, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita sikukuu ikaendelea bila yeye kungoja iishe.